Bodi Isiyo na King'ora

Siku ya kwanza alipoingia dukani kwangu alitoa mkobani karatasi tatu za kung'aa, alizozichana kwenye jarida la watalii, akataka nimchapie mchoro wake juu yake. Moja ilikuwa na picha ya mwanamke wa kizungu amelala kando ya bwawa la kuogelea.

"Bi mkubwa, hizi zimeshachapwa," nikamwambia.

"Naona. Nazitaka hivyo hivyo. Weka wino mwingi kadiri mashine yako itakavyokubali."

Duka langu ni la fotokopi, nyuma ya soko la Malindi. Nina mashine mbili: moja ya wino wa maji, kwa picha za rangi, na moja ya leza, ile inayotumia wino wa unga na kuuyeyusha juu ya karatasi kwa moto. Alitaka ya leza. Nilijua kwamba karatasi ya kung'aa ikikwama pale penye moto huweza kuharibu mashine nzima, na mashine ile ndiyo iliyokuwa tegemeo la nyumba yetu. Nilibonyeza kitufe kwa hofu. Karatasi ikatoka salama. Juu ya tumbo la yule mwanamke wa bwawani palikuwa na mistari myeusi yenye kona nyingi, kila mstari ukiishia kwenye kitone chenye tundu katikati.

Mistari ile nayo ilinitia hofu. Jirani yangu muuza kanga aliichungulia, akaninong'oneza kwamba ni talasimu, na kwamba mwenye kuchapa hushiriki dhambi na mwenye kuchora. Nilicheka. Lakini mama yule alipoondoka niliifuta meza kwa maji.

Mjini kila mtu alimwita Mwalimu, nami nitamwita hivyo. Alikuwa amesomesha fizikia shule ya wasichana mpaka akastaafu. Alikozaliwa na ukoo wake sikuwahi kumwuliza. Lafudhi yake ilikuwa ya visiwa vya kaskazini, na hapo ndipo ujuzi wangu unapokomea. Nilipoanza kumjua alikuwa na miaka sitini na kitu, mwembamba, miwani imefungwa kamba, na mikono ya buibui lake ina madoa ya rangi ya kutu yasiyotoka kwa sabuni yoyote.

Madoa yale nilikuja kuyaelewa alipoanza kunikaribisha kwake. Alikuwa na meza ya kunyoshea nguo katikati ya sebule, na pasi ambayo haikuwahi kugusa nguo. Alichukua kipande cha ubao mwembamba chenye ngozi ya shaba upande mmoja, akakisugua kwa waya wa kusugulia masufuria mpaka kikang'aa, akakipangusa kwa spiriti, kisha akakilaza kifudifudi juu ya ile karatasi yangu. Akavigeuza, akapiga pasi. Alikandamiza kwa uzito wake wote, dakika nne kwa saa ya mkononi, bila kuzungumza. Baadaye alitumbukiza vyote kwenye beseni la maji ya vuguvugu, akaibandua karatasi kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayemwosha mtoto jeraha. Wino ulibaki umeng'ang'ania shaba. Ndipo alipouweka ubao kwenye sahani ya plastiki yenye dawa ya kahawia, na dawa ile ikaila shaba yote isipokuwa pale palipofunikwa na wino.

"Basi," akasema. "Mistari yako imegeuka kuwa nyaya. Hapo natoboa matundu, napachika vifaa, nalehemu. Uchawi wenyewe ndio huo."

Bodi zake zilikuwa za mambo madogo madogo. Moja ilizima pampu ya msikiti tangi likijaa. Nyingine ilikuwa kwenye friji la muuza aiskrimu, nyingine kwenye taa za sola za shule fulani huko Rabai, ambako mwanafunzi wake wa zamani alikuwa mwalimu mkuu. Akiletewa kitu asichokielewa alisema haelewi. Akiletewa kitu alichokielewa lakini hakikumpendeza, kama yule bwana aliyetaka kifaa cha kuidanganya mita ya umeme, alijifanya kiziwi mpaka mtu akachoka kupiga kelele, akaenda zake.

Hakuwa mpole. Siku moja kwa kujipendekeza niliigeuza picha yake kwenye kompyuta ili maandishi yasomeke vizuri. Sikujua kwamba alikuwa ameyageuza makusudi, kwa kuwa kila kinachobandikwa kwa pasi hutokea kinyume. Alikuja kesho yake na bodi iliyoharibika, akaiweka mezani mbele ya wateja wangu.

"Sidi, nilikuomba unisaidie kufikiri?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi nichapie. Kufikiri nitafikiri mwenyewe."

Wasichana aliowasomesha, sasa akina mama wenye wajukuu, walinisimulia kwamba darasani walimwogopa kuliko mtihani. Nami nilimwogopa vivyo hivyo. Kilichonishangaza ni kugundua kwamba yeye mwenyewe alikuwa mwoga. Radi ikianza kunguruma alichomoa kila waya ukutani, akapanda kitandani, akakunja miguu isiguse sakafu. Nilimkuta hivyo mchana mmoja wa masika, ushungi ameufunga kichwani kwa nguvu, anasoma dua.

"Umeme wa nyumbani una adabu," akaniambia bila haya. "Ukijua njia zake hautakugusa. Wa mbinguni hauna njia."

Hata ule wa nyumbani hakuuamini sana. Kabla ya kuchomeka bodi mpya kwa mara ya kwanza alinyoosha mikono mbele yake na kuitazama. Ikitetemeka kidogo aliendelea. Ikiwa imetulia kabisa aliacha, akaenda kuchemsha chai. Mkono usiotetemeka, alisema, ni mkono uliosahau.

Kuna jambo nililomfanyia ambalo sijapenda kulisimulia. Wiki ile redio ilikuwa imejaa habari za mlipuko wa bomu mahali mbali na huku, watu wamekufa, na kila mtu alikuwa akimtazama jirani yake mara mbili. Asubuhi moja mzee wa mtaa wetu aliingia dukani na wanaume wawili nisiowajua. Mmoja alikaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa.

"Kuna bibi huja hapa kuchapa michoro," akasema. "Unamjua?"

Nilikuwa nimekula samaki wa kupaka nyumbani kwake Ijumaa iliyopita. Nilijua pasi yake, sahani yake, na dawa yake ilikaa kabati gani.

"Mteja tu," nikasema. "Simjui."

"Michoro ni ya nini?"

"Sijui. Mimi nachapa tu."

Wakatoka, nami niliona wanashika njia ya kwake. Nilibaki nimeshika ukingo wa meza. Ningeweza kumpigia simu nikamwambia wanakuja, nikaogopa simu yangu itaonekana. Ningeweza kufunga duka niwafuate, nikaogopa zaidi. Nilikaa pale mpaka adhuhuri, nikichapa vyeti vya watu bila kuona ninachochapa.

Kesho yake alikuja kama kawaida, na karatasi zake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umewaambia hunijui."

Sikuweza kumtazama. "Niliogopa."

"Najua. Mimi pia niliogopa. Nilimmwagia mzee chai ya moto kwenye kiatu." Akavua miwani, akaifuta kwa ushungi. "Nikawapeleka msikitini wakaone tangi. Wakaona. Yule mfupi ameniachia redio yake nimtengenezee." Akazisogeza karatasi mbele yangu. "Wino mwingi."

Hakulitaja tena. Mimi ndiye niliyebaki nalo, na nilikuwa nalo bado miezi michache baadaye, asubuhi nilipokwenda kumgongea mlango huku nikilia.

Mama yangu alikaanga viazi vya karai na mihogo kwa miaka thelathini, moto wa kuni, kwenye kibanda kisicho na dirisha, na moshi ule ulimmaliza mapafu. Mwaka wa mwisho alikuwa hawezi kuvuka chumba bila oksijeni. Binamu yangu wa Mombasa alitupatia mashine iliyotumika, ile inayovuta hewa ya chumbani na kuichuja, ikampa mgonjwa oksijeni kwa mpira wa puani. Ilikaa kando ya kitanda chake ikihema mchana kutwa: ikivuta, ikikata kwa mlio mdogo, ikivuta tena. Asubuhi hiyo umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, taa ya chumbani ikapasuka. Mashine ikalia king'ora. Kisha kukawa kimya, na harufu ya plastiki inayoungua.

Muuguzi wa zahanati jirani alituletea mtungi mdogo wa oksijeni. Akapima, akaniambia kwa sauti ya chini, "Huu utafika Magharibi. Natafuta kitanda kwingine, lakini sijapata." Midomo ya Mama ilikuwa imeanza kuwa ya rangi ya zambarau bivu.

Mwalimu alikuja na begi lake. Aliifungua mashine, akachomoa bodi, akainusa. Katikati ilikuwa imekuwa mkaa.

"Hii hailehemeki," akasema. "Pampu ni nzima. Vali zake, vile vilango vya hewa, ni nzima. Kilichokufa ni kinachoziambia vali zifunguke lini."

"Unaweza kutengeneza nyingine?"

Alimtazama Mama, akautazama mtungi, akanitazama mimi. "Sijawahi kutengeneza kitu kinachopumua," akasema. "Pampu ya msikiti ikikosea, maji yanamwagika."

"Mwalimu, hatuna mwingine."

"Hilo ndilo linalonitisha." Akaketi ukingoni mwa kitanda. "Nahitaji kujua inazibadilisha vali kila baada ya sekunde ngapi. Bodi imeungua, haiwezi kuniambia. Umewahi kuhesabu?"

Sikuwahi. Nilikuwa nimeisikia mwaka mzima bila kuisikiliza. Ndipo Mama alipoinua mkono juu ya shuka.

"Mimi najua," akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba, maneno mawili matatu kwa pumzi moja. "Nimelala nayo. Mwaka mzima."

Akaanza kugonga godoro kwa kidole. Akagonga, akangoja, akagonga. Mwalimu alishika saa yake karibu na macho. Aligongewa mara kumi, akaandika, akaomba tena mara kumi, akaandika, na mara ya tatu. Vidole vya Mama havikupotea hata mara moja.

"Sekunde saba na kidogo," Mwalimu akasema. "Shukran, dadangu. Ungekuwa darasani kwangu ningekupa alama zote."

Mama akatabasamu. Mimi nilitoka uani nikashika ukuta.

Alichora dukani kwangu, kwenye kompyuta yangu, akichukua mchoro wa taa za shule na kuubadilisha. Saa saba nikachapa. Akaenda kwake kupiga pasi, nami nikarudi kwa Mama. Saa nane unusu alinipigia simu.

"Imeharibika. Mistari imejaa vitundu, dawa imepenya, nyaya zimekatika. Wino ulikuwa mwembamba. Umebadilisha nini kwenye mashine?"

Nilikumbuka hapo hapo. Wiki ile nilikuwa nimeiweka mashine kwenye hali ya kubana wino, na mchana ule, kwa kihoro, sikuirudisha. Nikamwambia. Nilingoja anitukane.

"Chapa nyingine," akasema. "Chapa tano. Kimbia."

Nilichapa tano, nikapanda bodaboda, na dereva aliponiuliza mbona nalia nikamwambia aendeshe. Mara hii nilibaki kwake. Niliona mikono yake juu ya pasi. Ilikuwa inatetemeka hadi mezani vikombe vikalia. Niliitazama shaba ikiliwa na dawa polepole, na kila dakika nilimpigia muuguzi kuuliza sindano ya kipimo cha mtungi imefika wapi. Iko robo. Imepita robo. Mwalimu aliosha bodi, akafuta wino kwa dawa ya kuondolea rangi ya kucha, na mistari ikatokea, myekundu, mizima. Akatoboa. Akapachika. Alilehemu bila kuinua kichwa, jasho likidondoka kwenye miwani, na mara mbili aliweka pasi ya kulehemu chini, akavuta pumzi, akaishika tena.

Jua lilikuwa limeinama tulipofika nyumbani. Alipachika bodi ndani ya mashine, akaipima kwa mita, akaipima tena. Halafu akaniambia, "Chomeka wewe. Mimi siwezi."

Nikachomeka. Pampu ikanguruma. Tukangoja. Mimi, yeye, muuguzi, sote macho kwenye sanduku lile la bati. Mlio ukaja. Mama, macho amefumba, alikuwa anahesabu kwa kidole juu ya shuka, na kidole chake kiligonga pamoja na mlio wa pili.

"Ndiyo hiyo," akasema.

Muuguzi akapima oksijeni, akapima tena baada ya robo saa, akauondoa mtungi. Mwalimu alinivuta uani.

"Nisikilize. Bodi ya kiwandani ilikuwa na king'ora. Hii haina, sikuwa na muda wala vifaa. Ikinyamaza, hakuna kitakacholia. Agiza ya kiwandani upesi. Mpaka ije, king'ora ni wewe."

Tuliagiza. Ilikuja ya modeli nyingine, haikuingia. Tuliagiza tena, ikapotea njiani. Mwalimu alipojaribu kuongeza king'ora kwenye yake, Mama alikataa mashine izimwe tena hata kwa nusu saa. "Inafanya kazi," alisema. "Iacheni." Kwa hiyo niliishi mwaka mmoja na miezi minane sikio likiwa kwenye mlio ule. Nilijifunza kukatisha mazungumzo katikati ili nisikilize. Nikiwa dukani nilimpigia dada yangu simu, nikamwambia asiseme kitu, aweke simu karibu na mashine. Hofu ile haikuzoeleka. Kila baada ya sekunde saba ilikwisha, ikaanza upya.

Mwalimu hakuwahi kuuliza hali ya mashine. Aliuliza hali ya Mama tu, kwa haraka, kisha akasema wino mwingi.

Mama alifariki asubuhi moja. Watu walijaa nyumbani siku saba, wa mtaani, wa sokoni, wateja wake wa viazi. Mwalimu hakuja. Hakutuma hata salamu. Dukani pia aliacha kuja. Nilisikia anachapisha kwingine, kisha nikasikia amekoma kutengeneza bodi. Niliumia, na mara nyingine nilijiambia kwamba ananilipa ile siku niliyosema simjui. Nilipopita njia ya kwake sikugonga.

Nilikuja kumkuta Kilifi, miezi kumi baadaye, kwenye kliniki ya macho nilikokwenda kutafuta miwani. Alikuwa peke yake mwisho wa benchi, jicho moja limefunikwa bandeji, la pili linaona kivuli tu. Alikuwa amekonda. Nilisimama kitambo nikifikiria kuondoka kabla hajanijua, halafu nikaketi kando yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

Alitambua sauti. Mwili wake wote ulishtuka; akaishika fimbo kama mtu anayetaka kuinuka, akakosa nguvu, akaketi tena.

"Marahaba," akasema. Wagonjwa wawili waliitwa, wakaingia. "Mungu amrehemu mamako. Sikuja."

"Hukuja."

"Nilifika mpaka kwenye kona ya mtaa wenu. Siku ya kwanza, na ya tatu. Nikawasikia watu wanasoma dua, nikarudi."

"Kwa nini, Mwalimu?"

Mimi, nilivyomjua, niliona kwanza mikono. Ilikuwa inatetemeka juu ya fimbo. Aliposema, alisema kwa sauti ndogo ambayo wasichana wake wasingeijua.

"Sidi, niambie kweli. Hata kama ni mbaya niambie. Siku ile alipofariki, mashine ilikuwa imenyamaza?"

Nilimgeukia. Miezi kumi ile yote nilidhani nilikuwa najua kwa nini hakuja, na sikuwahi kufikiria hilo.

"Hapana," nikasema. "Moyo ndio uliochoka. Daktari alikuwepo. Mashine ilikuwa inafanya kazi alipokata roho, na baada ya hapo pia. Hakuna aliyeikumbuka. Tulishamfunika, watu wameshaanza kuingia, ndipo nikaisikia bado inakwenda. Mimi ndiye niliyeizima kwa mkono wangu."

Aliinamisha kichwa. Nilidhani hakusikia vizuri, nikataka kurudia.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Saa tatu kasoro dakika kumi."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Chozi lilitoka chini ya bandeji, na lingine kwenye jicho la pili, hakuyafuta. Muuguzi alitokea mlangoni akaita jina lake, jina kamili ambalo sijazoea kulisikia, akaliita mara ya pili.

"Anakuja," nikamjibu.

"Mwambie aanze na mwingine," Mwalimu akasema. "Nataka kukaa kidogo."